Beryl Markham: Mwanamama wa kofia ya ngozi aliyekomaa ugenini

Shabiki wa Bariadi anayepanda basi kwenda Dar es Salaam kuwaona Simba na Yanga anaijua safari ndefu. Anakaa mpaka miguu inavimba, lakini angalau basi linasimama, watu wanachimba dawa, wanakula, safari inaendelea. Beryl Markham alikaa kitini zaidi ya saa 20, peke yake, usukani mkononi na bahari chini yake. Hakuna kituo.

Mwanamama huyu alizaliwa Uingereza mwaka 1902, akaletwa Kenya akiwa bado mtoto mdogo. Baba yake, Charles Clutterbuck, alikuwa akifundisha farasi wa mbio kule Njoro. Beryl akakulia hapo, akicheza na kuwinda na watoto wa Kiafrika, Kiswahili kikimtoka bila shida. Hajafikisha hata miaka 20, tayari ana leseni ya kufundisha farasi.

Kisha akahamia kwenye ndege. Kocha wake alikuwa Tom Campbell Black, rubani wa Wilson Airways ya Nairobi.

Kwa jua la Bariadi, kofia ya ngozi inayobana kichwa, kuziba masikio na kufungwa kidevuni ni adhabu. Kwa rubani wa enzi zile ilikuwa lazima. Ndege nyingi hazikuwa na paa, hivyo upepo, baridi na kelele za injini vyote vilimpiga kichwani. Juu ya kofia aliongeza miwani mikubwa, la sivyo haoni kitu. Awe mwanaume au mwanamke, vifaa vilikuwa hivyo hivyo. Mwaka 1932 Beryl alitoka Kenya hadi Uingereza peke yake na ndege ya aina hiyo, Avro Avian. Mwaka uliofuata akapata leseni ya urubani wa biashara, akawa anabeba abiria na barua, na kuwatafutia wawindaji tembo kutoka angani.

Mechi yake kubwa ilipigwa Septemba 4, 1936. Aliondoka Abingdon, Uingereza, na Percival Vega Gull ya kuazima. Hii ilikuwa na paa, ila redio haikuwepo. Alitaka kufika New York. Charles Lindbergh na Amelia Earhart walivuka Atlantiki wakielekea Ulaya, upepo ukiwasukuma. Beryl alienda upande wa pili, sawa na kucheza dhidi ya upepo dakika zote 90. Sio mchezo.

New York hakufika. Mafuta yaligoma kwenda kwenye injini, akatua kwenye kinamasi huko Nova Scotia, Canada. Pua ya ndege ikazama matopeni, yeye akapasuka kwenye paji la uso. Lakini bahari alikuwa ameimaliza, mwanamke wa kwanza kuivuka peke yake kutoka mashariki kwenda magharibi.

New York ikampokea kishujaa hata hivyo. Wiki mbili baada ya safari hiyo, Campbell Black, kocha aliyemfundisha kuruka, akafa kwa ajali ya ndege Liverpool.

Mwaka 1942 Beryl alitoa kitabu cha maisha yake. Baadaye akarudi Kenya, akarudi kwa farasi, na wakamletea mataji ya Kenya Derby. Alifariki Nairobi Agosti 3, 1986, mwezi mmoja kabla safari yake ya Atlantiki haijatimiza miaka 50.