Georg Simon Ohm, Mwana wa Fundi wa Makufuli

Katika mji wa Erlangen, ulio upande wa kusini wa Ujerumani, alikaa fundi mmoja wa makufuli, jina lake Johann Wolfgang Ohm. Fundi huyu alijifundisha mwenyewe hesabu na elimu ya maumbile, hata akawa na maarifa kupita kazi yake. Tarehe 16 Machi, 1789, alizaliwa mwanawe Georg Simon. Katika watoto saba wa nyumba ile wanne walikufa wangali wadogo, na Georg alipokuwa na umri wa miaka kumi mama yake naye alifariki. Baba akawalea waliobaki, akawafundisha Georg na mdogo wake Martin hesabu kwa bidii nyingi.

Georg aliingia chuo kikuu cha Erlangen mwaka 1805, lakini huko alipenda dansi, biliadi na kuteleza juu ya barafu kuliko vitabu. Baba yake, ambaye mwenyewe hakuipata nafasi ile, alikasirika sana. Basi Georg akatoka chuoni, akapelekwa Uswisi kufundisha hesabu. Huko akatulia, akasoma peke yake, na mwaka 1811 akarudi Erlangen akapata shahada ya udaktari. Shahada haikumletea mali. Alifundisha Bamberg kwa mshahara mdogo, hata mwaka 1817 akapata kazi katika shule moja kubwa ya mji wa Köln, iliyokuwa na chumba cha vyombo vya kuchunguzia maumbile.

Siku zile watu walijua kufanya umeme kwa betri, aliyoivumbua Volta wa Italia. Tena waliona ya kuwa waya mmoja huupitisha umeme vizuri, na mwingine vibaya. Lakini kwa kadiri gani? Mwaka 1825 Ohm alianza kupima. Alitwaa nyaya za urefu mbalimbali, akazitia moja moja katika njia ya umeme, akaitazama sindano ya sumaku iliyotundikwa juu yake. Mkondo wa umeme ukizidi nguvu, sindano nayo husukumwa zaidi.

Taabu ilikuwa katika betri. Ikianza kazi ilikuwa na nguvu, halafu hulegea upesi. Mtu akipima nguo kwa kamba inayorefuka na kufupika, atapataje hesabu ya kweli? Kwa hiyo kanuni ya kwanza aliyoichapisha Ohm haikuwa sahihi.

Ndipo mtaalamu mmoja, Poggendorff, alipomshauri aache betri, atumie madini ya namna mbili yaliyounganishwa, yaani bismuthi na shaba. Kiungo kimoja kikiwa moto na cha pili kikiwa baridi, umeme hupita. Ohm akakiweka kiungo kimoja katika maji yachemkayo, na cha pili katika barafu. Maji yakiisha kuchemka joto lake halipandi tena, na barafu inayoyeyuka hudumu katika baridi ile ile. Basi na msukumo wa umeme ukadumu vile vile. Mwanzo wa mwaka 1826 alipima tena kwa nyaya nane za shaba, na safari hii hesabu zikapatana: msukumo ukizidi, mkondo huzidi kwa kadiri ile ile, na ukinzani, yaani kile kinachoupinga mkondo, ukizidi, mkondo hupungua kwa kadiri ile ile. Hakusahau kuongeza ukinzani wa vyombo vyenyewe juu ya ule wa waya, jambo ambalo wengi wangelisahau.

Tufanye hesabu moja. Taa yenye uzi mwembamba ndani yake imetiwa katika umeme wa volti 240, na mkondo wake ni ampea 0.25. Gawanya 240 kwa 0.25, utapata ukinzani wa omu 960. Zidisha 240 kwa 0.25, utapata nguvu ya taa, wati 60. Ukinzani huo ni wa taa inapowaka. Ikiwa baridi, uzi wake una ukinzani mdogo zaidi. Hesabu hii ya wati si ya Ohm peke yake. Mwingereza Joule alipima joto linalofanywa na mkondo katika waya, akatangaza kanuni yake mwaka 1841, na kanuni hizo mbili zikiunganishwa ndipo hesabu ya wati ipatikanapo.

Ohm alikwenda Berlin kwa ruhusa, kwa nusu ya mshahara, akaandika kitabu chake kilichotoka mwaka 1827. Alitumaini kupewa kazi katika chuo kikuu. Lakini wataalamu wengi wa kwao walikipokea kwa ubaridi, na kazi haikuja. Mwaka 1828 akajiuzulu Köln, akaishi Berlin kwa vipindi vichache vya kufundisha hesabu, hata mwaka 1833 alipopata kazi Nürnberg. Heshima ilitoka ng'ambo kwanza: mwaka 1841 Royal Society ya London ilimpa nishani yake kubwa, iitwayo Copley. Cheo alichokitamani tangu ujana, cha kuwa profesa wa fizikia katika chuo kikuu, alikipata München mwaka 1852, naye ana miaka 63. Akafariki tarehe 6 Julai, 1854.

Mwaka 1881 wataalamu wa mataifa mengi walikutana Paris, wakakubaliana kipimo cha ukinzani kiitwe kwa jina la Ohm. Msukumo ukapewa jina la Volta, na mkondo jina la Mfaransa Ampère.