Sultani Feisal na Bendera ya Wageni

Huku kwetu Rusizi mtu akivuka kwa mtumbwi haulizwi bendera. Baharini sivyo. Huko bendera huonyesha chombo ni cha nani, na nani ana haki ya kukisimamisha. Kwa jambo hilo Sultani Feisal bin Turki wa Maskati alipata taabu nyingi.

Feisal alizaliwa mwaka wa 1864. Babu yake ni Seyyid Said, yule aliyehamia Unguja na kupandisha mikarafuu. Alishika kiti mwaka wa 1888, baba yake alipofariki. Bendera ya nchi yake ilikuwa nyekundu tupu, haina alama yo yote.

Basi, watu wa mji wake wa Sur walikuwa mabaharia hodari, wakifika na majahazi yao mpaka Unguja na Bukini. Wengi walikwenda katika makoloni ya Wafaransa wakapata karatasi na ruhusa ya kutweka bendera ya Ufaransa. Kwa nini? Manowari za Waingereza zilikuwa zikipekua majahazi kutafuta watumwa, na Ufaransa haikukubali chombo chenye bendera yake kipekuliwe na wengine. Wako waliofanya biashara ya haki. Lakini wako pia waliowaficha wanadamu chini ya kitambaa kile, na hao mimi siwaonei huruma. Tena wakirudi kwao Sur walidai kwamba Sultani hana amri juu yao!

Mwaka wa 1898 Feisal aliwapa Wafaransa mahali pa kuweka makaa ya meli zao. Februari 1899 Waingereza wakaja na manowari, wakatishia kuipiga Maskati kwa mizinga asipotangua ahadi hiyo. Akatangua. Nadhani hakupata siku ya aibu kuliko ile. Mwaka uliofuata alikwenda Sur mwenyewe kuwataka watu wake waache bendera ya kigeni.

Mwisho shauri lilipelekwa The Hague, katika Uholanzi. Walioshindana ni Uingereza na Ufaransa. Feisal, mwenye watu, hakuwamo. Tarehe 8 Agosti 1905 waamuzi watatu walitoa hukumu. Waliopewa bendera kabla ya 2 Januari 1892, siku Ufaransa ilipothibitisha mkataba wa Brussels wa kukomesha biashara ya watumwa, waendelee nayo maadamu Ufaransa inawaruhusu. Baada ya siku hiyo asipewe mtu mwingine, ila aliyekuwa chini ya ulinzi wa Ufaransa kabla ya 1863. Ruhusa isihamishwe kwa mtu mwingine, wala kwa jahazi jingine, hata likiwa la mwenyewe yule yule. Na wenye bendera hiyo, pamoja na jamaa zao, wawe chini ya amri ya Sultani kama raia wengine.

Hivyo Feisal alirudishiwa watu wake kwa hukumu ya wageni. Raha hakuipata. Mwaka wa 1913 makabila ya bara yalimchagua Imamu wao yakaasi, na mwezi wa Oktoba, vita havijaisha, akafariki. Mwanawe Taimur akashika kiti.