Philip Bliss: mtunzi wa nyimbo za injili aliyekosa hata kaburi

Philip Paul Bliss, Mmarekani aliyetunga sauti ya wimbo wa Salama Rohoni, alifariki tarehe 29 Desemba 1876 katika ajali ya gari la moshi. Alikuwa na umri wa miaka 38.

Bliss alizaliwa mwaka 1838 katika jimbo la Pennsylvania, ndani ya familia maskini iliyopenda kuimba na kusali. Akiwa na miaka 11 aliondoka nyumbani kutafuta kazi, akakata miti porini na kupasua mbao. Mwaka 1859 alimuoa Lucy Young, na mke huyo ndiye aliyemsukuma afuate muziki. Bliss akazunguka vijijini na farasi na kinanda kidogo, akifundisha watu kuimba.

Mwaka 1864 alihamia Chicago, akafanya kazi katika nyumba ya kuchapisha muziki. Huko alikutana na mhubiri Dwight Moody, ambaye alimhimiza aache kazi ya mshahara na kumtumikia Mungu kwa sauti yake. Bliss alisita kwa miaka kadhaa, kwa kuwa alikuwa na familia ya kulisha. Mwaka 1874 alikubali, akaanza kuzunguka miji mbalimbali pamoja na mhubiri Daniel Whittle. Vitabu vyake vya nyimbo viliuzwa sana, lakini malipo yake aliyatoa kwa kazi ya injili.

Maneno ya Salama Rohoni yaliandikwa na Horatio Spafford, mwanasheria wa Chicago aliyepoteza mabinti wanne meli Ville du Havre ilipozama baharini mwaka 1873. Bliss aliyatungia sauti, na wimbo ukachapishwa mwaka 1876.

Mwisho wa mwaka huohuo, Bliss na Lucy walisherehekea Noeli na ndugu zao Pennsylvania, wakawaacha huko watoto wao wawili, mmoja wa miaka minne na mwingine mchanga, kisha wakapanda gari la moshi kuelekea Chicago. Usiku, katikati ya theluji nyingi, daraja la chuma la Ashtabula, jimboni Ohio, lilivunjika. Mabehewa yalianguka mtoni na kushika moto uliotoka kwenye majiko ya kupashia joto. Watu zaidi ya 90 walikufa.

Inasimuliwa kwamba Bliss alifaulu kutoka, kisha akarudi ndani ya moto kumtafuta mke wake. Miili yao haikutambuliwa kamwe.

Mwaka 1877, mnara wa kumbukumbu ulisimamishwa katika mji mdogo wa Rome, Pennsylvania, kwa mchango wa shule za Jumapili. Chini yake hakuna aliyezikwa. Lakini sauti aliyoitunga ingali inaimbwa makanisani na kwenye matanga, kwa Kiswahili pia, na wengi wanaoiimba hawalijui jina lake.