Bendera: Kocha wa tiketi ya Lagos aliyeishia nchi ya wakimbiaji

JUMAMOSI ya Desemba 6, 2025, ilitimia miaka minane tangu Joel Nkaya Bendera afariki dunia katika Hospitali ya Taifa Muhimbili. Huku Manyara wengi wanamkumbuka kama RC. Ukimtaja Katesh au Mbulu mjini, watakwambia ni yule mzee wa Korogwe aliyekuwa mkuu wa mkoa kabla ya Mnyeti. Kwamba mzee huyohuyo ndiye aliyekuwa kocha wa Taifa Stars ilipokata tiketi ya AFCON kwa mara ya kwanza, hilo vijana wengi wa rika langu hawalijui kabisa.

Na mwaka 2025 ndio hasa ulikuwa wa kulijua, maana yaliyompata Bendera yalijirudia Novemba mwaka huo.

Turudi 1979. Nchi imetoka vitani. Kampala imeanguka Aprili, wanajeshi wengine bado wako Uganda, na kila kitu madukani ni cha kutafuta kwa foleni. Katika hali hiyo Stars inaingia kutafuta nafasi ya kwenda fainali za Nigeria. Wakati huo hakukuwa na haya makundi tuliyoyazoea, ya timu nne nne, mechi sita, unapoteza leo unajipanga kesho. Ilikuwa mtoano, nyumbani na ugenini, ukiteleza umekwisha. Fainali zenyewe zilikuwa za timu nane tu. Mwenyeji Nigeria alikuwa na nafasi yake, bingwa mtetezi Ghana na yake, kwa hiyo Afrika nzima iliyobaki iligombea nafasi sita. Leo fainali ni za timu 24.

Stars ikaitoa Mauritius, kisha mbele ikasimama Zambia. Hawa hawakuwa watu wa kubeza. Miaka mitano nyuma, 1974, walikuwa wamefika fainali ya Afrika na kupigwa na Zaire baada ya mchezo kurudiwa. Bendera, mzawa, kijana bado kwa umri wa ukocha, akapewa kazi ya kuwazuia.

Nyumbani Stars ilishinda 1-0. Bao moja la kwenda nalo Ndola, mji wa migodi ya shaba, ambako timu nyingi za kwetu zilikuwa zikienda kuchukua kipigo na kurudi. Mchezo wa marudiano ulikuwa Agosti 1979. Zambia wakatangulia kufunga, jumla ikawa 1-1, na kwa kawaida ya miaka ile hapo ndipo safari zetu zilipoishia. Zikiwa zimebaki dakika za lala salama, Peter Tino akasawazisha. Ikaisha 1-1, jumla 2-1, Tanzania Lagos.

Bao la Tino limesimuliwa hadi limechakaa. Kila Stars inapokaribia kufuzu, mzee Tino anatafutwa na waandishi aeleze upya alivyopiga. Ni haki yake. Lakini kocha aliyepanga kikosi cha mechi zote mbili, akazuia bao moja lisipotee ugenini, habari zake zilibaki sentensi moja chini ya habari ya Tino.

Tena hata sentensi hiyo ina mgogoro. Ukifungua orodha za fainali za 1980, mbele ya Tanzania utakuta jina la Mpolandi, Slawomir Wolk. Tiketi aliikata Bendera, lakini kwenye fainali zenyewe aliyeandikwa kocha ni mwingine. Mgeni wa nchi akisoma kumbukumbu hizo hatajua kwamba kulikuwa na mtu anaitwa Bendera.

Lagos yenyewe ilikuwa ngumu. Mechi ya ufunguzi, Machi 8, 1980, Stars ilifungwa 3-1 na Nigeria, bao letu likifungwa na Juma Mkambi. Ikafuata Misri, tukafungwa 2-1. Mwisho sare ya 1-1 na Ivory Coast. Mabao ya mechi hizo mbili yote ni ya Thuwein Waziri. Pointi moja, tukarudi nyumbani, na hakuna aliyedhani kwamba hatutaonekana tena huko kwa miaka 39.

Kina Leodegar Tenga waliocheza kikosi kile walikuja kuwa viongozi wa soka. Tenga aliongoza TFF kuanzia 2004 hadi 2013. Bendera yeye akaelekea kwenye siasa. Mwaka 2005 akawa mbunge wa Korogwe Mjini, na baadaye Rais Kikwete akampa unaibu waziri wa Habari, Utamaduni na Michezo. Yaani yule kocha sasa anakaa jukwaa kuu. Ni miaka ile ya Mbrazili Marcio Maximo, bendera za Taifa kwenye kila daladala, uwanja mpya wa watu 60,000 umefunguliwa. Septemba 2007 Stars ilihitaji kuifunga Msumbiji Dar es Salaam ili iweke hai safari ya Ghana. Tukafungwa 1-0. Katika wote waliokaa jukwaa la wakubwa miaka ile, yeye ndiye aliyekuwa anajua kwa vitendo tiketi ya AFCON inakatwaje.

Baada ya uwaziri akawa mkuu wa mkoa wa Morogoro, na 2014 akahamishiwa Manyara.

Hapa lazima niseme kitu kuhusu mkoa huu kwa msomaji wa mbali. Wilaya za Mbulu na Hanang ni nchi ya wakimbiaji. John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico 1968 akichechemea na goti limefungwa bandeji, ni wa Mbulu. Gidamis Shahanga, bingwa wa marathoni Jumuiya ya Madola 1978 na wa mita 10,000 mwaka 1982, ni wa Katesh, chini ya Mlima Hanang. Huku kwa Wairaqw na Wadatoga mtoto akionyesha pumzi, mwalimu wa michezo anamwambia akimbie, na wala hampi mpira. Soka lipo, linachezwa kila jioni kwenye viwanja vya shule, ila halijawahi kuwa ndilo jina la mkoa.

Kwa hiyo serikali ilimleta kocha wa mpira aliyefuzu AFCON kwenye mkoa usio na historia ya mpira. Na kazi iliyomsubiri haikuwa ya michezo. Kulikuwa na wakulima na wafugaji wa Kiteto waliofika hadi kuuana kwa ajili ya ardhi, kulikuwa na tanzanite ya Mirerani, ambako Septemba 2017 Rais Magufuli aliagiza ujengwe ukuta. RC wa mkoa wa namna hiyo hashiki filimbi.

Hata hivyo mpira ulimfuata. Januari 2017, yeye akiwa Babati ofisini, CAF ilipanga makundi ya kufuzu AFCON 2019. Tanzania ikaangukia Kundi L na Uganda, Cape Verde na Lesotho. Baadaye nafasi zikawa mbili kila kundi. Na kocha wa Stars wakati huo alikuwa mzawa, Salum Mayanga. Juni 10 mwaka huo Stars ilianza kwa sare ya 1-1 na Lesotho pale Chamazi, Mbwana Samatta akifunga. Ni mechi ya nyumbani iliyotutia hofu wote, na kumbe ndiyo mechi pekee ya kundi lile ambayo Bendera alikuwa hai ilipochezwa.

Oktoba 2017 alistaafu, Alexander Mnyeti akachukua kiti. Haikupita hata miezi miwili, Desemba 6, akafariki.

Kundi L liliendelea bila yeye na bila Mayanga. Stars ilikabidhiwa kwa Mnigeria Emmanuel Amunike, ikatoka 0-0 Kampala, ikapigwa 3-0 Cape Verde, ikafungwa hata na Lesotho. Mwisho, Machi 24, 2019, tukaichapa Uganda 3-0 kwa mabao ya Simon Msuva, Erasto Nyoni na Aggrey Morris, tukamaliza na pointi nane. Tiketi ya pili katika historia, na jina la Bendera likatajwa tena siku mbili tatu.

Ya tatu, ya fainali za 2023, aliikata Adel Amrouche wa Algeria. Kwa hiyo rekodi ya mzawa pekee aliyeipeleka Stars AFCON ilibaki ya marehemu hadi Novemba 19, 2024, Hemed Suleiman 'Morocco' alipoifunga Guinea 1-0 kwa bao la Msuva na kumaliza wa pili Kundi H kwa pointi 10. Miaka 45 baada ya Ndola! Safari hii hata Manyara ilikuwa na sehemu yake kwenye mpira, maana msimu huo Fountain Gate walikuwa wanacheza mechi zao za Ligi Kuu hapa Babati, Tanzanite Kwaraa.

Halafu Novemba 2025 TFF ikaachana na Morocco, timu akapewa Miguel Gamondi. Simpingi Gamondi, amebeba ubingwa na Yanga na anaijua ligi yetu. Lakini mwenye kukata tiketi alibaki nyumbani, na orodha ya fainali ikaandikwa jina la mgeni. Kwa Bendera tulikuwa na kisingizio cha uchanga, ndiyo kwanza tulikuwa tunafuzu. Mara hii sijui tutasema nini.

Stars ilianza fainali za Morocco Desemba 23, 2025, mjini Fès, dhidi ya Nigeria. Timu hizo hazikuwa zimekutana kwenye fainali za AFCON tangu siku ile ya ufunguzi Lagos.