Taiichi Ohno

Taiichi Ohno (29 Februari 1912 – 28 Mei 1990) alikuwa mhandisi kutoka nchini Japani. Anajulikana hasa kwa kujenga mfumo wa uzalishaji wa kampuni ya magari ya Toyota.

Maisha

Ohno alizaliwa Dalian, mji wa China uliokuwa chini ya utawala wa Japani. Mwaka 1932, baada ya kusomea uhandisi mjini Nagoya, aliajiriwa katika kiwanda cha nguo cha familia ya Toyoda. Mwaka 1943 alihamia kampuni yao ya magari.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia Toyota ilikosa fedha. Mwaka 1950 ilikaribia kufilisika: wafanyakazi waligoma, wengi walipoteza kazi, na mwanzilishi wake, Kiichiro Toyoda, akajiuzulu.

Mfumo wake

Viwanda vikubwa vya Marekani vilizalisha kwa wingi kwa kufuata makadirio ya mauzo, na kuweka akiba kubwa ya vipuri. Kwa Ohno njia hiyo haikufaa kampuni maskini: fedha zililala ghalani, na akiba kubwa ilificha makosa ya kazi.

Kiichiro alikuwa ameshatoa wazo la kupata kila kipuri kwa wakati unaohitajika. Ohno alilitekeleza kwa kufuata mfano wa maduka makubwa ya Marekani, ambako rafu hujazwa kadiri wateja wanavyochukua bidhaa. Kila hatua ya kazi ilichukua kutoka hatua iliyotangulia kiasi ilichohitaji tu. Ruhusa ya kutengeneza vingine ilitolewa kwa kadi iitwayo kanban kwa Kijapani. Bila kadi, kazi haikufanyika. Hivyo idadi ya kadi iliweka kikomo cha akiba.

Mfumo huo una masharti yake. Unafaa zaidi pale ambapo mahitaji hayapandi na kushuka ghafla, mashine hubadilishwa haraka kutoka kipuri kimoja hadi kingine, na wagavi huleta mizigo midogo mara kwa mara. Penye oda zisizotabirika, akiba ya tahadhari bado inahitajika.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1975 Ohno alikuwa makamu wa rais wa Toyota. Baada ya bei ya mafuta kupanda ghafla mwaka 1973, kampuni nyingine za Japani zilianza kuchunguza mfumo wake. Aliueleza katika kitabu mwaka 1978. Alifariki katika mji wa Toyota.