Yakobo Aliyesoma Maziko

Soma Mwanzo 50:4-14 na Kutoka 13:19.

Yusufu, aliyeuzwa utumwani, ndiye aliyeuchukua mwili wa Yakobo baba yake kutoka Misri hadi Kanaani. Afrika Mashariki nayo ina Yakobo wake. Huyu alionja utumwa mwenyewe, kisha akasindikiza maiti mwendo wa miezi tisa.

Jacob Wainwright alikuwa Myao. Angali mtoto alikamatwa na wafanyabiashara wa watumwa. Manowari ya Waingereza ilimwokoa, lakini hakurudishwa kwao. Alipelekwa Nasik, India, kwenye shule ya wamisionari kwa watoto waliokombolewa. Aliyenyang'anywa wazazi alipewa huko Biblia, kalamu na Baba wa mbinguni.

Mwaka 1872 alikuwa miongoni mwa watu 57 waliotumwa kutoka pwani kumfuata Daktari David Livingstone huko Kwihara, karibu na Tabora. Njia hiyo ya misafara ilikatiza Ugogo, nchi ambayo madarasa ya Ipagala yanaifahamu kwa jua lake na uhaba wa maji.

Livingstone alifariki katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, Mei 1873. Wabebaji wangeweza kugawana mali na kutawanyika. Hakuna aliyewalipa kwa maiti. Badala yake Jacob aliorodhesha kila kitu cha marehemu, kisha moyo wake ukazikwa chini ya mti wa mpundu. Aliyesimama kusoma ibada ya maziko hakuwa askofu wala mchungaji, bali kijana huyo aliyewahi kuwa mtumwa. Yeye ndiye aliyechonga maandishi kwenye gome la mti.

Mwili ulikaushwa kwa chumvi na jua, ukafungwa kwa kitambaa na gome. Chini ya uongozi wa Susi na Chuma wakaanza safari ya zaidi ya kilometa 1,500. Wengine walikufa njiani. Walipofika Kwihara, afisa Mwingereza aliwashauri wamzike hapo, wakakataa. Vijiji vilipoogopa kupitisha maiti, waliufungasha mzigo ufanane na robota la nguo. Februari 1874 wakafika Bagamoyo.

Jacob alikwenda na jeneza hadi Uingereza, na tarehe 18 Aprili 1874 alikuwa miongoni mwa waliolisindikiza ndani ya Westminster Abbey, pamoja na watu wakubwa wa taifa lile. Baadhi ya Waingereza walimwona ana majivuno. Pengine mtu aliyewahi kufungwa kamba, akisimama wima tu, huonekana hivyo.

Sherehe ikaisha. Alirudi Afrika mwaka uleule, na miaka iliyofuata hakuna aliyemshangilia. Kwa kipimo cha dunia alikuwa ameshuka. Lakini nguvu iliyomshika Chitambo haikutoka Westminster, kwa hiyo haikubaki huko. Alifariki mwaka 1892 Urambo, penye kituo cha misheni, magharibi ya Tabora. Reli ya kutoka Dodoma kwenda Kigoma hupita hapo hadi leo.

Jadilini: Yusufu alipewa pete na gari la farao, Jacob hakubakiwa na kitu cha namna hiyo. Je, darasa lenu lingemtambua kama mtu aliyebarikiwa? Nani kanisani kwenu anabeba mzigo ambao hakuna anayemlipa?