Florence Nightingale na Wagonjwa Waliofanywa Wahalifu

Kila tarehe 13 Agosti Kanisa la Uingereza humkumbuka Florence Nightingale. Wengi wetu tunamjua kwa taa yake tu. Yafaa tujue pia jinsi alivyowatetea wagonjwa waliohesabiwa kuwa wahalifu.

Alizaliwa mwaka 1820 mjini Florence, Italia, wazazi wake wakiwa Waingereza matajiri. Uuguzi siku zile ulikuwa kazi ya kudharauliwa, na jamaa zake walimzuia kwa miaka mingi. Yeye aliamini Mungu amemwita. Mwaka 1854 alikwenda na wauguzi 38 hadi Scutari, Uturuki, kuwahudumia askari wa vita vya Crimea. Huko maradhi yaliua askari wengi kuliko majeraha. Mwaka 1860 chuo chake cha wauguzi kilifunguliwa katika Hospitali ya St Thomas, London.

Wakati huo magonjwa ya zinaa yalienea sana jeshini. Serikali ikatunga sheria mwaka 1864, ikaikaza tena mwaka 1866 na 1869. Katika miji ya bandari na ya kambi za jeshi, polisi waliweza kumkamata mwanamke waliyemdhania kuwa malaya ili apimwe. Akionekana ana ugonjwa, alizuiliwa hospitalini kwa miezi. Akikataa kupimwa, alitiwa gerezani. Wanaume walioshiriki naye hawakuguswa.

Florence alikuwa mgonjwa, akifanya kazi zake kitandani. Hata hivyo alianza kupinga jambo hili mwaka 1862, kabla sheria haijapita. Kwa kuwa alikuwa hodari wa takwimu, aliwaonyesha wakubwa wa jeshi kuwa hakuna hesabu zilizothibitisha kwamba kuwapima watu kwa nguvu hupunguza ugonjwa. Alishauri askari wajengewe makao safi na wapewe mahali pema pa kupumzikia. Mwaka 1870 jina lake lilitokea gazetini pamoja na la Josephine Butler na wanawake wengine waliopinga sheria hiyo. Ilisimamishwa mwaka 1883, ikafutwa mwaka 1886.

Alifariki mwaka 1910, mwenye miaka 90. Juu ya kaburi lake ziliandikwa herufi mbili tu za jina lake, na miaka yake.

Ndugu, jambo hili si la Ulaya peke yake. Mwaka 2010 huko Kapsabet, Kenya, wagonjwa wa kifua kikuu walifungwa gerezani kwa kuacha dawa. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilitamka kuwa kufanya hivyo ni kuvunja Katiba. Gereza lenye msongamano ndipo kifua kikuu kinapoenea upesi.

Nasi hapa Singida, tangu Iramba hadi Manyoni, tunajua jinsi mwenye ukoma, kifua kikuu au ukimwi anavyonyoshewa kidole. Anayeogopa hujificha, na anayejificha hapati dawa, wala nyumba yake haiponi. Basi tuwaombee wauguzi na waganga wa zahanati zetu, wanaomwita mgonjwa kwa upole na kuitunza siri yake. Nasi tusiwe polisi wa jirani zetu, bali tuwasindikize hospitalini.